Kutembea milima ya Usambara kwa kikundi: mwongozo kamili kwa msafara unaotoka Tanga

Swali la kwanza watu huuliza ni "kilomita ngapi?" Kilomita peke yake haikwambii kitu. Kilomita kumi za barabara ya Raskazone, Tanga mjini, ni mazoezi ya asubuhi. Kilomita kumi za msitu wa Magamba ni kazi ya siku nzima, na mvua ikinyesha usiku wa kuamkia safari, kwa baadhi ya watu zinakuwa hazitembeleki. Ugumu wa njia ya mlimani hupimwa kwa vitu vitatu: mita unazopanda, mita unazoshuka, na udongo unaokanyaga. Kiongozi wa msafara anayeoanisha mtu na njia kabla gari halijaondoka Tanga amemaliza nusu ya kazi. Asiyefanya hivyo atakuja kuifanya huko juu, katikati ya mteremko, na mtu amekaa chini hawezi kuendelea.

Mwongozo huu ni kwa anayepanga msafara wa watu 6 hadi 20: wafanyakazi wenza, kikundi cha mazoezi, wanafunzi wakubwa, jamaa na marafiki.

Kupanga daraja la njia

Tumia madaraja manne, na yaandike kwenye tangazo la safari ili kila mtu ajue anachojiandikishia.

Daraja la 1: kupanda chini ya mita 200 kwa jumla, mwendo wa saa 2 hadi 4, njia pana. Mfano mzuri ni Lushoto mjini hadi ukingo wa Irente, kama kilomita 6 kwenda. Lushoto yenyewe iko kwenye mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo gari limeshakupandisha na kilichobaki ni mwinuko mdogo kati ya mashamba na nyumba. Ukingoni ardhi inakatika ghafla na unaona Mazinde na nyika ya Wamasai chini yako, karibu mita 1,000. Njiani liko shamba la Irente linalouza mkate, jibini na jamu. Msitu wa Magoroto, juu ya Muheza, nao ni wa daraja hili ukifika na gari hadi juu na kutembea kuzunguka ziwa.

Daraja la 2: kupanda mita 200 hadi 500, saa 4 hadi 5. Hapa weka Zigi hadi Amani. Lango la Zigi, la kuingilia hifadhi ya Amani, liko kama mita 450, Amani kama mita 900, na msitu unakufuata karibu njia yote. Kilima cha Mbomole karibu na Amani kinafaa kwa wanaolala Amani na kutaka matembezi mafupi ya asubuhi.

Daraja la 3: kupanda mita 500 hadi 900, saa 6 hadi 8. Kutoka Lushoto kwa miguu hadi kilele cha Magamba, kilicho juu ya mita 2,200, ni zaidi ya mita 800 za kupanda, na zote utazishuka siku hiyo hiyo.

Daraja la 4: zaidi ya mita 900 kwa siku, kupanda au kushuka, ama siku kadhaa mfululizo. Kushuka Irente hadi Mazinde kumo humu, ingawa watu hudharau kwa sababu "ni kushuka tu". Lushoto hadi Mtae kwa kupitia Lukozi na Rangwi, siku tatu au zaidi na kulala njiani, nako ni humu.

Kisha sheria moja isiyo na mjadala: mvua ikinyesha usiku wa kuamkia safari, ihesabu njia daraja moja juu. Udongo mwekundu wa Usambara ukilowa unashika soli mpaka kiatu kinakuwa kama kipande cha sabuni. Njia ya daraja la 2 inakuwa ya daraja la 3, na watu uliowachagulia la 2 hawaifai tena.

Kujua saa utakazotumia

Mpanda milima wa Scotland, William Naismith, aliweka kanuni mwaka 1892 ambayo bado inatumika: kilomita 5 kwa saa, pamoja na saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Hiyo ni kwa mtu mmoja mwenye nguvu. Kikundi cha kwetu, chenye wageni wa milima, kihesabie kilomita 3 kwa saa, ongeza dakika 10 kwa kila mita 100 za kupanda, kisha dakika 8 za mapumziko kwa kila saa ya mwendo.

Tuseme njia ina kilomita 10 kwenda na mita 800 za kupanda. Kilomita 10 ni saa 3 na dakika 20. Mita 800 ni saa 1 na dakika 20. Jumla saa 4 na dakika 40, na mapumziko ya kama dakika 40: saa 5 na dakika 20. Ukianza saa moja asubuhi unafika juu saa sita na dakika ishirini mchana. Chakula nusu saa, kushuka saa tatu na nusu, umerudi saa kumi na dakika ishirini jioni. Giza la Usambara huingia kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, na chini ya miti huingia mapema zaidi. Una akiba ya saa mbili. Hizo saa mbili si za kupigia picha. Zimetengwa kwa kifundo cha mguu cha mtu mmoja kikiteguka.

Ukianza saa tatu asubuhi, akiba yote imeisha kabla hujapiga hatua. Ndiyo maana safari ya Lushoto kutoka Tanga isiwe ya kwenda na kurudi siku moja, isipokuwa daraja la 1 kwa gari la kukodi linaloondoka alfajiri. Njia ya Segera, Korogwe na Mombo inakula saa nne hivi kwa basi. Lala Lushoto usiku wa kuamkia matembezi. Muheza ni jirani, kwa hiyo Magoroto yanawezekana kwa siku moja, na Zigi pia mkiwahi.

Kutoka Mombo hadi Soni barabara ina kona zisizoisha, na wengi hutapika hapo kisha wanaanza kutembea tumbo likiwa tupu na mwili umepungukiwa maji. Wenye kichefuchefu wakae mbele, wale kidogo, waangalie barabara badala ya simu.

Kuchagua majira

Masika ni Machi hadi Mei: acha madaraja ya 3 na 4 kabisa. Vuli ni Oktoba hadi Desemba: asubuhi huwa safi, radi na mvua huja alasiri, kwa hiyo uwe umeshuka kutoka kwenye migongo ya milima ifikapo saa nane. Juni hadi Septemba ndiyo miezi bora, ila baridi ya Lushoto mwezi Julai humshangaza mtu wa pwani. Kila mita 100 unazopanda joto hupungua kama nyuzi 0.6, hivyo Lushoto huwa na nyuzi 8 hivi chini ya Tanga, na kilele cha Magamba kinaondoa nyingine 5. Januari na Februari ni pakavu na jua ni kali.

Usambara ya Mashariki, upande wa Amani, inatazama bahari na hupata mvua hata nje ya majira. Amani hupokea kama milimita 2,000 kwa mwaka. Koti la mvua huko halibaki nyumbani mwezi wowote.

Mwezi wa Ramadhani usipange chochote juu ya daraja la 1 kwa kikundi chenye wanaofunga.

Kumpima mtu kabla ya kumwandikisha

Usimuulize mtu "una mazoezi?" Kila mtu atasema ndiyo. Muulize: unaweza kupanda ngazi za ghorofa nne bila kusimama, kisha ukazungumza sentensi nzima? Muulize tena: magoti yanakuuma ukishuka ngazi? Jibu la swali la pili lina uzito zaidi ya la kwanza.

Tanga ni mji wa baiskeli na ardhi yake ni tambarare. Mwendesha baiskeli hupanda mlima vizuri kwa sababu paja lake limezoea kusukuma. Kushuka ni kazi nyingine: paja linashikilia uzito huku likirefuka, na baiskeli wala jogging ya tambarare hailifundishi hilo. Matokeo yake ni mtu aliyeongoza wakati wa kupanda kuanza kutetemeka miguu saa ya pili ya kushuka. Dawa yake ni wiki tatu za kushuka ngazi, dakika 20, mara tatu kwa wiki, polepole na bila kushika ukuta.

Kisha uliza afya faraghani, mmoja mmoja, si kwenye kundi la WhatsApp. Mwenye pumu abebe pampu yake mfukoni, isikae kwenye begi la mwenzake. Mwenye kisukari abebe dawa na kitu cha sukari. Mwenye selimundu akae daraja la 1 na asiende bila ushauri wa daktari wake, kwani baridi, uchovu na upungufu wa maji ndivyo vinavyomwamshia maumivu. Andika majina, namba ya ndugu wa kila mtu, na dawa anazotumia kwenye karatasi moja. Nakala moja ibaki Tanga kwa mtu anayejua mtarudi saa ngapi.

Vibali na mwenyeji wa njia

Amani ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997, na Magamba pia ina hadhi hiyo. Zote ziko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Kiingilio hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali na kila mtu aende na kitambulisho, maana raia na mgeni hawalipi sawa. Shughulikia malipo siku moja au mbili kabla, mtandao ukigoma getini mnapoteza saa nzima ya asubuhi.

Chukua mwongozaji wa pale pale, hata kama njia unaijua. Anajua daraja lipi la miti limeoza wiki iliyopita, na wanakijiji wanamfahamu. Kubalianeni bei kwa kikundi kwa siku, mapema, na semeni wazi kama chakula chake na nauli yake vimo ndani. Mwongozaji mmoja kwa watu 8 kwa daraja la 1 na 2. Kwa daraja la 3 na 4, mmoja kwa watu 5 au 6.

Baadhi ya sehemu za msitu ni za matambiko. Mwongozaji akikwambia hapo hatupiti, hampiti.

Vitu vya kubeba

Kiatu kwanza. Raba yenye soli ya meno inatosha hadi daraja la 2 njia ikiwa kavu. Juu ya hapo vaa buti lililokwisha kuvaliwa angalau mara tano, kwani buti jipya ni malengelenge ya uhakika. Yeboyebo na kandambili ziwe za jioni tu. Kucha za vidole zikatwe siku mbili kabla ya safari. Ukizikata asubuhi ile ile ngozi yake bado ni laini, na usipozikata kabisa zinagonga mbele ya kiatu wakati wa kushuka na kuvilia damu.

Nguo: fulana inayokauka haraka, sweta, koti la mvua. Fulana ya pamba ikilowa jasho halafu ukungu ukashuka, mtu anaanza kutetemeka akiwa kwenye nyuzi 15. Anayevaa dera avae suruali ndani na alikunje dera hadi gotini kwa mkanda. Dera refu halisumbui wakati wa kupanda, ila wakati wa kushuka mtu hulikanyaga mwenyewe.

Kila mtu: maji lita 2 kwa daraja la 1 na 2, lita 3 kwa 3 na 4. Tochi, hata kwa safari ya mchana. Filimbi. Kanga moja, ambayo utakalia, utajifunika, na utafungia mkono uliovunjika.

Chakula: mayai ya kuchemsha, chapati, viazi vitamu, ndizi, karanga, tende, kashata. Wali wa nazi uache nyumbani, unachacha kwenye begi kabla ya saa nane mchana. Maji ya mto wa mlimani yanaonekana safi, lakini juu yake kuna mashamba na mifugo. Yachemshe, au yatie dawa ya kutibu maji na usubiri dakika 30.

Sanduku la huduma ya kwanza kwa watu 12: plasta 30, bandeji za kusokota 4, shashi 10, glavu jozi 4, mkasi, paketi 6 za ORS (chumvi ya kurudisha maji mwilini), paracetamol, na blanketi mbili za joto za karatasi ya fedha. ORS zikiisha, changanya lita moja ya maji salama, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa sawa na mdomo wa kijiko.

Mwendo wenyewe

Mbele awe mwongozaji. Nyuma kabisa awe mshika mkia, mtu mwenye nguvu na subira, anayebeba sanduku la dawa. Hakuna anayebaki nyuma ya mshika mkia kwa sababu yoyote. Anayekwenda haja huacha begi lake njiani, upande alioingilia, na mshika mkia anamsubiri hapo.

Dakika 20 za kwanza tembeeni polepole mpaka wengine walalamike. Kipimo ni mazungumzo: mtu akishindwa kumaliza sentensi, mwendo umezidi. Baada ya hizo dakika 20 simameni, watu wavue sweta na wakaze kamba. Ukilikosa pumziko hili, kila mtu atasimama kwa wakati wake na mstari utakatika vipande.

Wa polepole wakae nyuma tu ya mwongozaji. Wakikaa mwisho wanaachwa kidogo kidogo, wanakimbilia, wanachoka zaidi. Na hapa ndipo viongozi wengi wanapokosea: kikundi kinasimama, wa mbele wanapumzika dakika kumi, mchovu anafika, na mwongozaji anasema "haya, twendeni." Aliyehitaji pumziko kuliko wote ndiye amelikosa. Dakika za mapumziko zianze kuhesabiwa pale mshika mkia anapokaa chini.

Kwenye njia panda hapiti mtu mpaka wote wafike. Hesabuni watu kwa namba, kila mtu akitaja yake, kila baada ya saa moja na kila mnapotoka kwenye ukungu. Ukungu ukishuka, mstari usogee mpaka kila mtu aone mgongo wa aliye mbele yake.

Chakula cha mchana kipangeni pamoja na sala ya adhuhuri, mahali tambarare penye kivuli. Wanaosali wabebe maji ya udhu mbali na ya kunywa.

Siafu wakikatiza njia, usisimame kuwashangaa. Soksi juu ya suruali, pitieni mmoja mmoja kwa hatua ndefu za haraka, kisha endeleeni hatua 20 ndipo mjikague. Anayesimama kujikung'uta palepale anawapandisha wengine.

Kwenye miamba yenye kivuli na ukoga wa kijani, kanyageni njia tu. Humo hukaa Saintpaulia, ua dogo la zambarau linalopandwa kwenye vyungu dunia nzima na asili yake ni milima hii. Mizizi yake imeshikilia udongo mwembamba sana, na hatua moja inauondoa wote.

Kushuka

Majeraha mengi hutokea wakati wa kushuka, kwa sababu miguu imechoka na akili imeshafika nyumbani. Simamisha kikundi kabla ya mteremko na kila mtu afunge kiatu upya, hivi:

Gonga kisigino chini mara tatu ili mguu urudi nyuma ya kiatu. Kaza kamba kuanzia chini, tundu kwa tundu. Ukifika tundu la pili kutoka juu, usikatishe kamba. Ipitishe kwenye tundu la juu la upande ule ule, ibaki kitanzi kidogo, na fanya hivyo pande zote mbili. Sasa ncha ya kulia ipite kwenye kitanzi cha kushoto, ya kushoto kwenye cha kulia. Vuta kuelekea chini mpaka kisigino kishikwe, kisha funga. Mguu hautateleza mbele tena na kucha zitabaki salama.

Hatua ziwe fupi, magoti yamekunjwa kidogo, fimbo itangulie mguu. Penye utelezi geuka ubavu na ukanyage kwa kingo ya soli. Acheni mita 3 kati ya mtu na mtu. Watu wakianza kushikana mikono mlolongo mzima, wakatazeni: mmoja akiteleza anawavuta watatu. Jiwe likiporomoka, aliyeliona apige kelele "Jiwe!" na wa chini waegemee upande wa mlima bila kuangalia juu.

Mto uliojaa, maji yakifika gotini na yanakwenda kasi, hamvuki. Subirini au rudini.

Mambo yakiharibika

Kifundo kikiteguka, usimvue mtu kiatu kama bado kuna safari, maana uvimbe hautamruhusu kukivaa tena. Funga bandeji juu ya kiatu kwa umbo la nane, gawaneni mzigo wake. Asipoweza kukanyaga kabisa, tuma watu wawili, si mmoja, pamoja na mwongozaji mmoja ikiwa waongozaji wapo wawili, wakaombe msaada kijijini. Waliobaki wafunikeni, msimpe mgonjwa nafasi ya kupoa.

Aliyeumwa na nyoka: mtulize, mkono au mguu usisogezwe, vua pete na bangili, mbebeni hadi hospitali. Msichanje, msinyonye, msifunge kamba ya kukata damu. Kwa Lushoto nendeni hospitali ya wilaya, kwa Amani na Magoroto teremkeni Hospitali Teule Muheza, na pigeni simu huko mapema ili mjue dawa ya sumu ipo au mwelekezwe kwingine.

Wito wa msaada kwa filimbi ni milio 6 kwa dakika moja, kimya dakika moja, kisha tena. Anayejibu hupiga milio 3. Simu hukosa mtandao mabondeni na hupata migongoni, kwa hiyo simu mbili za kikundi zizimwe data ili chaji ibaki.

Mkirudi

Hesabuni watu kabla ya kupanda gari. Toeni taarifa getini kwamba mmetoka wote, na mpigieni yule wa Tanga mwenye karatasi. Kisha, gari likiwa bado Soni na kumbukumbu ni mbichi, kiongozi aandike kwenye daftari: saa mlizoanza, saa mlizofika kila kituo, hali ya udongo, nani alichoka wapi. Linganisha na hesabu ya kilomita 3 kwa saa. Kama mlichukua robo zaidi, hiyo robo iongezwe kwenye safari ijayo ya kikundi hicho hicho, na daraja la 4 lisubiri.